Malisho ya Mbuzi na Kondoo Wakati wa Kiangazi: Somo Kutoka Tabora na Njia ya Misafara

Miongoni mwa mbuzi na kondoo wanaochinjwa Unguja na Pemba wakati wa sikukuu wamo waliovushwa kutoka Tanzania Bara. Mnunuzi anapompapasa mnyama uti wa mgongo ili ajue unono wake, anachokipima hasa ni kiangazi ambacho mnyama huyo amekipitia. Somo hili linaeleza jinsi mbuzi na kondoo wanavyoweza kulishwa katika miezi ambayo nyasi zimekauka, kwa kutumia vitu ambavyo havikupandwa kwa ajili ya mifugo: mabaki ya shamba, majani na matunda ya miti, na maganda ya jikoni. Mfano uliochukuliwa ni wa Mkoa wa Tabora pamoja na majirani zake walio kwenye njia ya zamani ya misafara, kwa sababu huko kiangazi ni kirefu na hakina huruma, na aliyeweza kumvusha mbuzi Tabora hatashindwa kumvusha Makunduchi wala Micheweni.

Njia hiyo ni maarufu kwa watu wa visiwani. Ilianza Bagamoyo, mkabala na Unguja, ikapanda Usagara, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawika. Tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jingine kaskazini kuelekea ziwa ambalo sasa linaitwa Viktoria. Kituo cha wafanyabiashara wa pwani huko Unyanyembe kiliitwa Kazeh, na ndicho kilichokuja kuwa mji wa Tabora. Burton na Speke walikifikia mwezi wa Novemba 1857. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya mizigo ya mabegani ikafikia mwisho wake. Kilichobaki ardhini ni miti na mazao. Miembe iliyopandwa na watu wa pwani ingali inaonekana Tabora na Ujiji, na mpunga wa pwani ulipata makao katika mabonde ya Unyanyembe. Mahindi, muhogo, karanga na viazi vitamu, ambavyo vyote asili yake ni Amerika, vilienea bara kwa msaada wa njia kama hizo. Mazao hayohayo ndiyo ambayo mabaki yake yanamfaa mbuzi wa leo.

Hali ya hewa ya Tabora ni ya msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ya kutegemewa hakuna. Visiwani, masika yakiisha vuli haiko mbali, na mfugaji hupata nafuu kabla mifugo haijadhoofika sana. Tabora nafuu hiyo haipo. Mbuzi aliyezaliwa Machi huachishwa ziwa wakati nyasi zinakauka, na hulazimika kukua katika miezi mibaya kuliko yote.

Ifahamike kuwa mbuzi katika nchi hiyo si kitoweo tu. Familia yenye ng'ombe wengi humvumilia mbuzi kama mdogo wa zizi, lakini familia isiyo na ng'ombe, na hasa mama anayelea watoto peke yake, humtegemea mbuzi kama akiba ya fedha. Sare ya skuli, dawa na mbegu hutoka humo. Na shida hizo huja mwezi wa Oktoba, wakati shamba linatakiwa kutayarishwa na mnyama amekonda kuliko wakati wowote wa mwaka. Mwenye mbuzi huuza kwa bei ya mifupa. Kwa hivyo kilo tatu au nne ambazo mbuzi anazipoteza kati ya Julai na Oktoba ni fedha zinazotoka katika mfuko wa mtu ambaye hana mfuko mwingine.

NJAA KATIKATI YA MAJANI

Mgeni anayepita Tabora mwezi wa Agosti huona nyasi kila upande, kavu lakini nyingi, na mabua ya mahindi yamesimama mashambani. Huuliza kwa nini mifugo inakonda. Jibu limo ndani ya tumbo la mnyama.

Mbuzi na kondoo, kama ng'ombe, ni wanyama wanaocheua. Majani wanayoyameza huingia kwanza katika tumbo kubwa ambamo wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, na vijidudu hao ndio wanaovunja nyuzi ngumu za majani ambazo mnyama mwenyewe hawezi kuzivunja. Mfugaji kwa hakika hamlishi mbuzi; analisha vijidudu, na vijidudu wanamlisha mbuzi. Nao wanahitaji protini. Chakula kikavu kikiwa na protini chini ya kiasi cha asilimia 7, vijidudu hupungua, majani hukaa tumboni muda mrefu bila ya kusagika, na mnyama huacha kula kwa sababu tumbo limejaa. Hufa njaa akiwa ameshiba.

Nyasi changa za Januari zina protini ya kutosha na kuzidi. Nyasi hizohizo zikisimama hadi Agosti hushuka hadi asilimia 3 au 4, na mabua ya mahindi hayazidi sana hapo. Ndiyo maana kuongeza rundo la mabua mbele ya mbuzi aliyekonda hakusaidii. Kinachotakiwa ni kiasi kidogo cha kitu chenye protini nyingi, ili vijidudu wapate nguvu ya kuyashughulikia mabua yaliyopo. Wafugaji wengi hutafuta wingi mahali ambapo kilichopungua ni ubora, na kosa hilo hugharimu mifugo mingi kuliko ukame wenyewe.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jambo hilo. Mbuzi wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 25 hula kiasi cha gramu 750 za chakula kikavu kwa siku. Akila mabua matupu yenye protini asilimia 4, hupata gramu 30 za protini, na hizo hazimtoshi hata kubaki na uzito alionao. Sasa ziondolewe gramu 200 za mabua na ziwekwe gramu 200 za majani makavu ya mlusina, ambayo yana protini ya asilimia 22 hivi. Majani hayo yanaleta gramu 44, mabua yaliyobaki yanaleta 22, jumla 66. Chakula chote sasa kina karibu asilimia 9, na mbuzi huyo ataongeza pia ulaji wa mabua aliyokuwa akiyakataa. Kwa mwenye mbuzi watano, gramu 200 kwa kila mmoja ni kilo moja kwa siku, na kwa siku 120, kuanzia Julai mpaka mwisho wa Oktoba, ni kilo 120. Gunia likichukua kilo 10 za majani makavu, yanahitajika magunia 12. Mzigo huo unaingia kwenye kona moja ya banda.

MABAKI YA SHAMBA

Katika mabaki yote yanayopatikana Tabora, la kwanza kwa thamani ni majani ya karanga. Yana protini ya asilimia 10 hadi 14, mbuzi na kondoo huyapenda, na hayana sumu. Gramu 350 kwa siku zinaweza kumvusha mbuzi aliyetajwa hapo juu bila ya kuhitaji kitu kingine isipokuwa mabua, chumvi na maji.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba Urambo, magharibi ya Tabora kwenye reli ya Kigoma, ilikuwa moja ya sehemu tatu za Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Fedha nyingi zilitumika, matrekta yakavunjika kwenye visiki na udongo mgumu, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Katika hesabu za mpango huo kilichotafutwa kilikuwa mafuta ya kula kwa ajili ya Uingereza. Karanga za Unyamwezi zinalimwa hadi leo, kwa jembe la mkono, katika vishamba ambavyo mara nyingi ni vya akina mama, na mama huyohuyo ndiye mwenye mbuzi. Lakini majani yake mara nyingi huachwa juani pale karanga zilipochumwa, yakakauka mpaka yakapukutika, na kinachobaki ni vijiti. Protini imo katika jani, si katika kijiti. Karanga zikishang'olewa na kuchumwa, majani yaanikwe kivulini au yageuzwe mara kwa mara juani kwa siku mbili tatu tu, kisha yabebwe asubuhi mapema, wakati umande umeyalainisha, ili yasipukutike njiani. Yawekwe juu ya kichaga kilichoezekwa, mbali na ardhi. Majani yaliyoota ukungu yatupwe, kwa maana ukungu wa karanga huleta sumu kali inayoharibu maini.

Majani ya viazi vitamu yanafuata. Tabora na Shinyanga ni nchi ya viazi, na baada ya mavuno viazi hukatwa na kukaushwa kuwa michembe, au huchemshwa kwanza na kukaushwa kuwa matobolwa, chakula kinachowekwa akiba kwa miezi mingi. Familia inayojua kumwekea mwanadamu michembe inaijua tayari kazi ya kumwekea mbuzi majani. Ni elimu ileile, ila wakati wa kukausha michembe mashina ya viazi huachwa shambani. Mashina hayo yakikatwakatwa na kuanikwa hupata thamani inayokaribia ile ya majani ya karanga au kuizidi. Maganda ya viazi yalishwe mabichi siku hiyohiyo, kwa kiasi.

Kisamvu kina protini ya asilimia 20 na zaidi, lakini muhogo una sumu ambayo kila mpishi wa pwani anaifahamu. Majani na maganda ya muhogo yasipewe mnyama yakiwa mabichi, hasa ya muhogo mchungu. Yakatwekatwe, yaachwe yanyauke, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, na hapo sehemu kubwa ya sumu huwa imetoka. Atakayechuma kisamvu akumbuke pia kuwa kuvua majani yote kabla ya wakati hupunguza muhogo ulioko chini. Yachumwe wakati wa kuvuna.

Kuhusu mabua ya mahindi na mtama, jambo kubwa ni kuyawahi. Desturi ya Wanyamwezi na Wasukuma ni kwamba mazao yakishatoka shambani, mifugo ya kijiji inaruhusiwa kuingia. Desturi hiyo ina faida zake, kwa kuwa samadi hubaki shambani, lakini mwenye ng'ombe 80 huyamaliza mabua ya jirani mwenye mbuzi wanne ndani ya siku mbili. Mwenye mbuzi anatakiwa ayakusanye yake katika juma lile la mavuno, achague yenye majani mengi, na ayalaze juu ya kichaga au kwenye tawi la mti. Wakati wa kulisha, ampe mbuzi mabua mengi kuliko anavyoweza kuyamaliza. Jambo hili huonekana kama ubadhirifu, lakini utafiti uliofanywa Afrika na kwingineko umethibitisha kwamba mbuzi akipewa nafasi ya kuchagua hula majani na kuacha bua, na hukua vizuri zaidi kuliko yule anayelazimishwa kumaliza. Mabaki yatandikwe zizini yawe mbolea.

Ukanda wa pamba wa Igunga, Nzega na Shinyanga unatoa mashudu ya pamba, na alizeti inatoa yake. Ni chakula bora kuliko vyote vilivyotajwa, na ni ghali kuliko vyote. Mwenye mbuzi wachache asijilazimishe kununua gunia. Gramu 100 kwa siku kwa mbuzi mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha zinatosha, na wengine wasipewe. Watoto wa mbuzi wasipewe mashudu ya pamba kabisa, kwa sababu mbegu ya pamba ina sumu ambayo tumbo la mnyama mkubwa huimudu, lakini la mtoto haliimudu.

MITI

Wilaya za Sikonge, Urambo na Uyui zimefunikwa na misitu ya miombo, ambayo watu wengi huidhani haina chakula cha mifugo. Miombo ina tabia moja ya ajabu. Haingoji mvua. Kuanzia Agosti na Septemba, wakati ardhi ni kavu kama sahani, miti hiyo huchipua majani mapya, mengine mekundu, na msitu mzima hubadilika rangi. Mbuzi, ambaye kwa maumbile ni mla majani ya miti, hufaidika na machipukizi hayo. Kondoo, ambaye ni mla nyasi, hufaidika kidogo. Hii ni sababu mojawapo ya mbuzi kuvuka kiangazi wakati kondoo wa zizi lilelile anakonda. Hata hivyo machipukizi ya miombo yana ukakasi mwingi, ule unaokausha ulimi, na ukakasi ukizidi huifunga protini isitumike. Hayawezi kuwa chakula cha peke yake, na katika sehemu zenye mbung'o mfugaji hana uhuru wa kuingia msituni apendavyo.

Upande wa Igunga na Nzega, ambako miombo inakwisha na migunga inaanza, kuna hazina nyingine. Matunda ya mgunga hukauka na kudondoka kiangazi. Mtoto mwenye fimbo ndefu yenye kulabu anaweza kuyatikisa na kujaza gunia kwa asubuhi moja. Yana protini nzuri, lakini mbegu zake ni ngumu, na nyingi hupita tumboni zikatoka nzima; kwa hivyo yatwangwe kwanza katika kinu. Yapo makabila katika ukanda wa Saheli, Afrika Magharibi, ambako matunda ya miti ya namna hii huuzwa sokoni kwa gunia kama nafaka.

Mwembe, mti wa misafara, hauna sifa kubwa kama watu wa visiwani wanavyoweza kutarajia. Majani yake yana protini ya asilimia 8 au 9 na ukakasi, hivyo hushibisha lakini hayanenepeshi. Majani ya mfenesi yanayapita kwa mbali, na Bangladesh na Vietnam ni chakula cha kawaida cha mbuzi wa uani. Mfugaji wa Unguja au Pemba mwenye miti yote miwili anajua sasa ni upi aukate kwanza. Maembe yenyewe huiva Tabora wakati mvua imekwishaanza. Maganda na kokwa zilizopasuliwa zinafaa, ila maembe yaliyooza yakiliwa kwa wingi hugeuka tindikali tumboni na kumlaza mnyama, na kokwa nzima humkaba.

Miti ya kupandwa inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo matumaini na masikitiko yalipokutana. Mlusina uliletwa kutoka Amerika ya Kati, na katika miaka ya 1980 ulihubiriwa katika nchi za joto kama dawa ya kila shida: kuni, mbolea na malisho. Mwaka 1992 wadudu wadogo wanaonyonya machipukizi yake, ambao walikuwa wamevuka bahari kutoka kisiwa hadi kisiwa, walifika Afrika ya Mashariki, na miti ikabaki na vijiti vilivyonyauka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwa kushirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, ICRAF, kilifanya kazi katika miaka ya 1990 ya kujaribu miti mbalimbali katika mazingira ya miombo, ikiwemo aina za mlusina zinazostahimili wadudu hao. Funzo lililobaki ni kutopanda mti wa aina moja. Mlusina uchanganywe na gliricidia na miti ya kienyeji, mpakani mwa shamba, na ukatwe mwezi wa Mei, kabla majani hayajaanza kupukutika.

Mlusina una sumu yake pia, ambayo huwafanya wanyama wanaoula kwa wingi wanyonyoke manyoya na kuvimba koo. Kisa chake kinawahusu watu wa visiwani. Watafiti wa Australia waliona ng'ombe wao wakidhurika, ilhali mbuzi wa visiwa vya Hawaii walikula mlusina miaka yote bila ya madhara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Raymond Jones alichukua vijidudu kutoka matumboni mwa mbuzi hao wa Hawaii, vikatiwa katika matumbo ya ng'ombe wa Australia, na ugonjwa ukakoma. Kijidudu kilichofanya kazi hiyo kilipewa jina la kumkumbuka yeye mwaka 1992. Kwa mfugaji asiye na maabara, kanuni ni rahisi: mlusina usizidi theluthi moja ya chakula cha siku.

NGITILI

Wasukuma na Wanyamwezi wana elimu yao wenyewe juu ya jambo hili, na ni ya zamani kuliko kituo chochote cha utafiti. Ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi na miti ikue mpaka kiangazi kiwe kikali. Kisha hufunguliwa sehemu kwa sehemu, kwanza kwa ndama, wanyama wagonjwa na wazee. Mkoani Shinyanga, kufyeka vichaka ili kuua mbung'o, kupanuka kwa mashamba ya pamba na hatimaye kuhamishiwa watu katika vijiji katikati ya miaka ya 1970 kulizifuta ngitili karibu zote. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986. Ulipofika mwisho wake mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Haikuwa kazi ya miche na vitalu peke yake. Katika sehemu nyingi kilichofanyika ni kufunga ardhi tu na kuiacha, kwa sababu mizizi ya miti iliyokatwa ilikuwa ingali hai chini. Sheria zake zilisimamiwa na mikutano ya dagashida na walinzi wa sungusungu, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini.

Jambo moja katika mafanikio hayo linataka kuangaliwa kwa jicho pevu. Ngitili ya mtu binafsi humfaa mwenye ardhi, na mwenye ardhi kubwa humiliki ngitili kubwa. Kila kipande kinapofungwa, yule mama mwenye mbuzi wanne na nusu ekari hupoteza mahali alipokuwa akichungia. Pale ambapo kijiji kimetenga ngitili ya pamoja, na kimemruhusu asiye na ng'ombe akate majani kwa mundu na kuyabeba, mfumo unamfikia. Pale ambapo sheria inazungumzia kuchunga tu, haumfikii, kwa kuwa mbuzi wanne hawawezi kushindana na ng'ombe 80 katika siku tatu za ufunguzi. Ni suala la kuandikwa katika sheria ndogo za kijiji kabla ya kiangazi, wala halihitaji fedha. Moto nao hauna ubaguzi: ngitili isiyokatiwa njia ya kuzuia moto inaweza kuungua yote kwa alasiri moja ya Septemba.

CHUMVI, UREA NA TAHADHARI

Magharibi ya Tabora, kwenye njia ya Ujiji, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Watu wamechemsha maji hayo na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi ya Uvinza ilibebwa na kuuzwa mbali kabla misafara ya pwani haijafika. Mbuzi anayekula mabua anaihitaji kama mwanadamu. Chumvi ya kawaida iliyofungwa katika kitambaa na kuninginizwa zizini, ailambe apendavyo, inatosha, mradi maji ya kunywa yawepo kila siku.

Mabua yanaweza pia kuboreshwa kwa urea, ile mbolea ya shambani, na China imefanya hivyo kwa kiasi kikubwa. Kilo 4 za urea huyeyushwa katika lita 50 za maji na kunyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, kisha mabua hushindiliwa katika shimo au mfuko usiopitisha hewa kwa majuma matatu. Kabla ya kulishwa huanikwa mpaka harufu kali itoke. Njia hii inafanya kazi, lakini inataka fedha, maji na uangalifu, na kwa mwenye mbuzi wachache majani ya karanga yanampa matokeo yaleyale bila ya hatari. Anayeijaribu afanye hivyo kwanza mbele ya bwana mifugo. Maji ya urea yakinywewa na mbuzi humwua kabla msaada haujafika, na watoto wa mbuzi wasipewe kabisa mabua yaliyotiwa urea.

Tumbaku, zao kuu la biashara la Tabora, haina nafasi horini. Majani na mashina yake ni sumu, na magunia yaliyobebea tumbaku au dawa zake yasitumike kuwekea malisho. Kondoo hudhurika upesi kwa madini ya shaba kuliko mbuzi, hivyo asipewe vyakula vya kuku, nguruwe au ng'ombe vilivyochanganywa na madini kiwandani, wala samadi ya kuku. Mbuzi wa mjini, anayejitafutia katika majalala ya soko, yuko katika hatari ya mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini ya zamani bado imo ardhini, na ikiingia tumboni haitoki.

Kila chakula kigeni kianzishwe polepole kwa muda wa majuma mawili, kuanzia konzi moja kwa siku, ili vijidudu wa tumboni wakizoee. Mbuzi akikataa siku ya kwanza asilazimishwe. Majani yanyunyiziwe maji ya chumvi kidogo na yawekwe tena jioni. Kuhusu wakati, kazi yote iliyoelezwa hapa, ya kukata, kuanika na kuweka juu ya kichaga, kwa Tabora hufanyika kati ya Mei na Juni. Kwa Unguja na Pemba majani hukatwa masika yanapoelekea ukingoni, na huanikwa mara jua linapokuwa la kuaminika.